Kimashine cha Mukwe na Telefone ya Wilondja

Tuliokuwa safarini

Bamama wa chama chetu, tangu nirudi Baraka mmeniuliza wote swali moja, kipi bora njiani, kimashine ama telefone, na kila mmoja nilimpa kipande tu. Mama Apolina alipata kipande cha kilima. Mama Zabibu alipata cha samaki. Mwingine, simtaji, akaenda kusema sokoni kwamba nilibebwa mgonjwa. Sasa naandika yote pamoja, polepole, ili msigombane juu ya vipande.

Tuliokwenda tulikuwa watatu. Wa kwanza ni mimi. Wa pili ni Wilondja, mtoto wangu, yule fundi wa mbao ambaye kicheko chake kinasikika mpaka ziwani. Wa tatu ni mukwe wangu, mume wa binti yangu Riziki, anayepeleka samaki bara kwa baiskeli. Jina lake nalijua, na la baba yake, na la babu yake, lakini hamtaliona hapa. Mama wa mke hataji jina la mukwe. Hamtazami usoni, hali naye sahani moja, hamgusi. Ndivyo nilivyolelewa. Miaka kumi na tisa tumeishi hivyo, na sijawahi kusikia kutoka kwake neno lililoniuma.

Aliyetungojea mwisho wa njia ni Mauwa, dada yangu mkubwa, wa baba mmoja na mama mmoja. Aliolewa Lulimba, akabaki huko hata bwana yake alipofariki. Sasa macho yake yanafifia, anaweka chumvi akidhani ni unga. Mtoto wake Byaombe alitoka Kalemie kuja kumchukua akaishi naye. Kamiyo, yaani lori, ya kuwabeba ingeondoka Lulimba Alhamisi, saa sita ya mchana. Habari ilinifikia Jumatatu asubuhi. Ninyi mnajua umri wangu, na Mauwa ananizidi miaka minne. Kalemie si mahali nitakapofika kwa miguu hii. Basi, ama nimuone kabla ya Alhamisi saa sita, ama tungeachana hivyo hivyo.

Uani kwetu, Jumatatu

Pikipiki siipandi tena, tangu ile iliyonimwaga na kiuno changu kule Mukera. Kamiyo za huku hazikuwa zinapita, mvua ilikuwa imekula barabara. Wilondja akasema, "Mama, nitakubeba na kinga." Kinga ni baiskeli, kwa wale wa mbali watakaosomewa haya.

Mukwe akaleta ujumbe kupitia Riziki: yeye atabeba mizigo, na ana kimashine kitakachotuonyesha njia. Mdogo wake anayeishi Australia hupanda baiskeli kwa kujifurahisha, watu wazima na kofia zao, na aliponunua kipya akamtumia cha zamani. Ni kidogo, sawa na kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Kinafungwa kwenye usukani. Wanakiita GPS. Kazi yake ni moja tu: kujua baiskeli iko wapi na ilipita wapi.

Wilondja hakupenda. Yeye ana telefone kubwa, ameinunua juzi, bado inanukia upya.

"Telefone iko na karte ya njia, iko na rangi, inasema na bantu," alisema. "Hii yako inafanya nini? Inalia pii kama mutoto ya kuku."

Mukwe alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, kwa sababu mimi nilikuwa mbele. Akajibu kutoka huko. "Shemeki, hii inaenda siku tatu bila kuongeza moto ya batri. Telefone yako ukifungua karte, ikipita saa tatu imekufa. Na mvua?"

"Nitaifunga ndani ya sashe ya plastiki."

"Na jasho ya sashe ikijaa kwenye kioo, utaangalia nini?"

"Na wewe kinga ikiharibika, utaita muntu na hiyo sabuni?"

Riziki alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasimamisha mchi. "Mubebe zote mbili! Mama anaenda kuona dada yake, hamuendi kuuza vyombo!"

Nikakata neno. Wilondja anibebe mimi, na telefone yake mfukoni. Mukwe aende mbele na mizigo, na kimashine chake usukani. Wote wakakubali upesi, na hapo ndipo tulipokosea, maana hatukusema nani atafuatwa njia ikigawanyika.

Kutoka Baraka mpaka Fizi

Tuliondoka Jumanne alfajiri. Nilikalia portbagaji, kile chuma cha mzigo cha nyuma, chini yangu kitenge kimekunjwa mara nne, na kapu magotini. Ndani ya kapu kulikuwa na mikeke mikavu ya Mauwa, kumi na miwili, ile minene. Mwenyewe aliwahi kuniambia samaki wa Lulimba wanafika wamechoka kama abiria.

Mpaka Lweba ziwa lilikuwa mkono wa kushoto na upepo ulikuwa mzuri. Mimi nilikuwa na furaha ya kijinga. Lakini hamjui taabu ya mwanamke mzee nyuma ya kinga! Kwetu ukimwona mzee amebebwa hivyo, ni mgonjwa anapelekwa hospitali. Kila tuliyekutana naye akavua kofia.

"Pole mama. Ni tumbo ao ni malaria?"

"Ni safari," namwambia.

"Ee, Mungu atamusaidia," anamwambia Wilondja, kana kwamba mimi nimeshaanza kupayuka.

Baada ya Lweba mama mmoja, jina lake Sifa, alitusimamisha kwa nguvu, akaweka jembe chini, akaniwekea mikono kichwani akaomba muda mrefu. Nilitaka kumkatiza. Lakini magoti yalikuwa yananiuma kweli, nikaona maombi hayapotei, nikaitikia amina.

Njia ikaanza kupanda. Kwenye mipando nilishuka, nikatembea, Wilondja akisukuma. Mukwe alikuwa mbele daima, umbali wa kutosha wa heshima, na kila tulipokuwa kwenye mteremko mbaya aliinua mkono wa kushoto juu, ili mtoto wangu ajue. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilimwangalia mgongo wake siku nzima, mgongo hauna mwiko, nikaona shati limeshonwa begani kwa mkono wa Riziki, ule mshono wake mrefu mrefu wa uvivu.

Fizi tulifika mapema, kabla ya jioni. Mama Nyota, mke wa rafiki wa Wilondja, alitupikia bugali ya muhogo na maharagi yenye mawese. Mimi nilikula ndani, mukwe nyuma ya nyumba. Wilondja akatoa telefone ili tuitazame njia ya kesho. Ilikuwa imekufa. Alikuwa amepiga picha za kila kilima na kusikiliza nyimbo tangu Baraka.

"Saa ngapi imekufa?" mukwe akauliza kutoka nyuma ya nyumba, kwa sauti ya upole kabisa.

"Shemeki, kula."

Mama Nyota hakuwa na moto wa telefone nyumbani, wala jirani zake, jua lilikuwa halijawaka siku tatu kwenye pano zao za umeme.

Njia ya Jumatano

Jumatano tulikuta kamiyo tatu zimezama kwenye matope, moja nyuma ya nyingine, na watu wamepika chakula pembeni kama wamehamia. Barabara imefungwa. Mukwe akasimama, akamngoja Wilondja, akamwambia polepole, lakini nilisikia.

"Kushoto iko njia ndogo. Nilipita kiangazi. Kimashine kiliandika kila mahali nilipita."

"Iko sure?"

"Kila mahali."

Tukaingia. Kiangazi kile ni njia wazi, lakini sasa nyasi zilikuwa zimetupita kichwa. Mbele ya macho hakuna kitu. Ila kwenye kile kioo kidogo kulikuwa na mstari mweusi, na alama ndogo ya sisi wenyewe juu ya mstari. Tukitoka nje ya mstari, kinalia pii. Tukirudi, kinanyamaza. Nikasema moyoni, haya, Australia wana akili.

Baada ya saa moja mstari ukapinda kulia, ukatupitisha katikati ya muhogo wa watu, ukatuingiza ndani ya ua wa nyumba. Palikuwa na mwanamke mzee mnene anaanika mpunga. Akarusha mikono juu.

"Bwana yangu ya samaki amefika!" Akamwita kwa jina, lile nisiloandika. "Mi nilisema umenioa umenitupa! Wapi mikeke yangu?"

Mukwe akawa kama mti. Wilondja akaanza kukohoa ili asicheke. Mimi nilitazama kapu langu.

"Mama Faida," mukwe akasema, "leo sina samaki. Niko na... niko na mama."

"Mama nani?"

"Mama ya bibi yangu."

Ile mikono ya Mama Faida ikashuka. Akapiga magoti palepale kwenye mpunga wake, akapiga makofi ya kuomba msamaha. "Pardon mama, pardon sana, ni mchezo tu, tunachekaka naye hivi!" Nikamwambia nimecheka mimi pia, na ilikuwa kweli, ila kwa ndani. Akatupa ndizi mbivu, tukaendelea.

Mstari ukapinda kushoto. Ukatuingiza ua mwingine. Huko watu wakatoka na sahani. Wakatazama mizigo. "Samaki iko wapi?" Tukatoka. Mstari ukazunguka nyuma ya kanisa la mabati, ukasimama chini ya kivuli, ukarudi ulikotoka. Ua wa tatu. Wa nne.

Wilondja akashindwa kuvumilia. "Shemeki! Hiki kimashine kinajua Lulimba ao kinajua tu bamama ya kununua samaki?"

Mukwe akainamia kioo chake. Angejibu nini, na mimi nipo? Mbele ya mama wa mke, mwanaume habishani, na wala haelezi haja zake. Na mimi nilikuwa nimeshaelewa toka ua wa kwanza: kimashine kiliandika safari yake ya kuuza, mlango kwa mlango, na sasa kinatutembeza kama wauzaji. Ingetosha kumwambia, kata, acha nyumba za watu, shika moja kwa moja. Lakini mimi simwambii mukwe neno. Nikamwambia Wilondja. Wilondja akamwambia kwa ukali wake, na mukwe akadhani ni ukali wa shemeki tu, akakaza kufuata mstari. Kwenye nyasi zile aliogopa kutoka nje yake, asije akatupoteza, na mama wa mke wake yuko nyuma.

Kulikuwa na wachimbaji wawili wa dhahabu waliotukuta hapo, wanaenda Misisi na sepeto zao. Mmoja aliitwa Asende. Waliona mukwe anatazama kioo, kinalia pii, anarudi hatua tatu, kinanyamaza. Asende akanong'ona, "Inasikia zahabu." Wakatufuata. Kila kilipolia, wanainama kuangalia udongo. Mahali pamoja tuligeuka tukawaona wamevua mashati, wanachimba. Wilondja akawapigia kelele kwamba ni mashine ya baiskeli. Asende akajibu, "Ndiyo, ndiyo, hata sisi tungesema vile."

Mchana ukaisha hivyo. Jua liliposhuka tulikuwa nusu tu ya njia, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mzee aitwaye Lubunga, na bibi yake Feza. Walikuwa na pano mpya, Wilondja akachomeka telefone, ikapata moto kidogo. Akafungua karte akaniita kwa shangwe. Nikaangalia. Tulikuwa tone la bluu katikati ya weupe mtupu. Hakuna njia, hakuna nyumba ya mwalimu, hakuna mwalimu.

"Rezo aiko," Wilondja akasema, yaani mtandao wa telefone, "ikikuwa, ingeonyesha."

Feza alinipa uji wa mtama. Sikuumaliza. Nilikuwa nahesabu saa.

Kilimani, Alhamisi asubuhi

Tulitoka kabla hakujapambazuka vizuri. Kulikuwa na kilima kirefu cha mawe, tukakipanda kwa kusukuma, na juu kabisa, wakati naanza kukaa tena, gurudumu la Wilondja likasema kra! Rayo sita, zile njiti za chuma, zilikatika, gurudumu likajikunja kama sambusa. Si kitu cha kufungwa kwa kamba.

Wilondja akakaa chini. Akatoa telefone kwa hasira tu, atazame saa. Ikalia. Rezo! Juu ya kilima kile rezo ilikuwepo, vijiti viwili. Akampigia Byaombe papo hapo.

"Byaombe! Ni Wilondja! Mama iko njiani, iko karibu! Usiache kamiyo itoke! ... Nini? ... Shofere nani? ... Muambie Ramazani angoje!"

Tulimsikia Byaombe mpaka sisi. Alisema shofere Ramazani anapakia maharagi, yakiisha kupakiwa hangoji hata kichwa cha mtu. Halafu telefone ikafa, sasa kwa heri.

Tukabaki tumetazamana, yaani mimi na Wilondja, mukwe akitazama bondeni. Baiskeli nzima ilikuwa moja. Yake.

Nitawaambia kweli. Nilisema, "Nitatembea." Nikatembea hatua kama ishirini. Magoti yakanijibu. Nikasimama katikati ya njia nikalia, mimi mwanamke mzima, kwa sababu nilimwona Mauwa anapanda juu ya magunia anapapasa kwa mikono.

Nikasikia mizigo inashushwa. Mukwe alikuwa anafungua kamba zake. Akaiegemeza baiskeli kwenye jiwe, akasimama mbele ameshika usukani, uso kule. Halafu akasema, lakini hakusema na mimi.

"Kinga yangu," alisema, "kama kuna mama anataka kukaa, akae akiangalia nyuma. Mugongo kwa mugongo. Na kapu katikati. Wewe kinga hauna macho, hautaona kitu."

Wilondja akafungua mdomo. Nikamkata kwa kidole. Nikatafuta ndani ya yote niliyofundishwa na mama yangu, nikaona hakuna aliyewahi kuniambia juu ya mgongo. Nikakunja kitenge, nikakaa nimegeukia Fizi, kapu la samaki likafungwa kati yetu kama ukuta. Wilondja akabaki na mizigo na gurudumu lake. Tukashuka kilima.

Haijapata kutokea niende mahali bila kupaona. Naona tu tulikotoka. Mawe yanakimbia kutoka chini yangu. Sauti ya mukwe inaniambia yaliyo mbele.

"Kinga, hapa iko shimo. Ukamate nguvu."

Nikakamata.

"Kinga, hapa tunavuka maji. Inua miguu."

Nikainua.

Halafu tukapinda. Nilijua kwa jua, lilihama kutoka shavu moja kwenda jingine. Nikajua tunaelekea ua wa mtu. Nikainama kwenye kapu.

"Wee kapu," nikasema kwa sauti, "kama iko nyumba ya kununua samaki huko, sisi leo hatuuzi. Dada yangu anaondoka. Si tupite moja kwa moja?"

Baiskeli ikasimama. Nikasikia anashusha mguu chini.

"Kinga," akasema, "jana yote ulijua hii njia ni ya kuuzisha. Uliona haya kusema mbele ya mama."

"Kapu," nikasema, "mama alijua toka Mama Faida. Na yeye aliona haya."

Akacheka, bamama! Miaka kumi na tisa sijawahi kusikia kicheko chake karibu hivyo. Ni kicheko chembamba. Mgongo wake ukatikisika, kapu likatikisika, na mimi nikatikisika. Akaacha mstari, akakata kwenye nyasi, kimashine kikalia pii, pii, pii.

"Lia tu," alikiambia. "Nitarudi kwako mbele."

Na akarudi. Akawa anakitazama kuona mstari uko upande gani, anaacha vipinde vya nyumba, anaudaka mbele. Tangu hapo tulikwenda kama watu wenye akili.

Lulimba

Niliingia Lulimba bila kuiona. Niliona kwanza kuku, halafu migongo ya nyumba, halafu watoto wanaotukimbilia wakicheka. Nikasikia kamiyo inanguruma. Nikafumba macho.

Ndipo nikasikia sauti kutoka juu, iliyokwaruza, ambayo ningeijua hata ndani ya maji.

"Munaona nini? Munasema dada yangu anaingia kwa mugongo? Sasa anafika ao anaondoka?"

Mauwa alikuwa tayari juu ya magunia. Byaombe na Ramazani walimshusha mmoja huku mmoja huku. Hakuniona uso. Alinipapasa kichwa, masikio, akafika kwenye kovu la kidevu nilipoanguka kisimani tukiwa watoto, akashika hapo.

"Ni yeye," aliwaambia wapakiaji. "Mupakie polepole."

Yalibaki magunia kumi na manne. Ramazani, Mungu ambariki, aliwaambia wapakiaji wapumzike, wale chakula kwanza. Tulikaa kivulini mwa kamiyo, Mauwa amenishika mkono. Nilimpa mikeke, akanusa mmoja mmoja. Tulitaja watu wetu kuanzia kisimani mpaka kanisani, wazima na waliokwenda, na kila nilipokosea alinirekebisha, kama zamani. Hatukulia. Tulipoagana alisema, "Nimekuona vya kutosha," na alikuwa anacheka.

Mukwe alikaa mbali, ametupa mgongo, anapangusa kimashine chake kwa pembe ya shati. Wilondja alitufikia baadaye, gurudumu begani.

Mnaniuliza kipi bora kwa safari ya kinga. Telefone ndiyo iliyomfikia Byaombe, bila hiyo kamiyo ingeondoka. Lakini ilikufa mara mbili, na bara haioni nyumba ya mtu. Kimashine hakikufa siku zote tatu, wala mvua ya kurudi haikukiharibu, ila kinakupeleka kokote ulikokwenda jana, hata kama leo una haja nyingine. Mimi nikiwa na miguu ya kupanda, ningebeba kimashine usukani, na telefone niifunge imezimwa mpaka juu ya kilima. Wilondja anasema nimependelea mukwe. Labda.

Haya ndiyo niliyoyashika. Kama yule aliyeniombea hakuwa Sifa, ama kama nyumba za samaki zilikuwa tatu na si nne, Wilondja aseme. Mama Apolina, ukiona nimeruka mahali, niambie uso kwa uso. Na wewe Mauwa, Byaombe akikusomea haya huko Kalemie, msimamishe kila ninapokosea, umwambie aandike. Utume hata kama ni neno moja tu.